Mtambaji wa Makaburini: Hadithi za Picha katika Desturi ya Halloween

Makala ya fasihi simulizi yaandikwayo katika vyuo vikuu vya Afrika ya Mashariki aghalabu humtafuta mtambaji jikoni kwa bibi, ama chini ya mwembe, ama barazani kwa wazee. Ni nadra mtu kumtafuta katika kijitabu cha karatasi duni kilichouzwa kwa senti 10 dukani katika mji mdogo wa Marekani. Hata hivyo, huko nako yuko. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi usomaji wa hadithi za picha ulivyojiunga na desturi za usiku wa Halloween nchini Marekani, jinsi ulivyonusurika kuzimwa mwaka 1954, na mambo yanayomhusu mwanafunzi wa Kiswahili katika kisa hicho, hasa yule ajishughulishaye na tafsiri.

Kwanza istilahi. Neno "katuni" limekwisha kuzoeleka, lakini limetandaa mno: huitwa katuni mchoro mmoja wa kumkejeli mwanasiasa gazetini, na huitwa katuni pia filamu ya michoro ya watoto. "Kibonzo" nalo lina wafuasi wake. Hapa limependelewa jina "hadithi za picha" kwa kuwa linataja mambo yote mawili yanayohusika, yaani hadithi, na picha zinazofuatana katika visanduku huku maneno ya wahusika yakiandikwa ndani ya viputo. Msomaji wa Kenya hana haja ya kuelezwa zaidi. Juha Kalulu wa Edward Gitau aliwachekesha wasomaji wa Taifa Leo kwa miongo kadhaa, na katika miaka ya 1980 mfululizo wa Pichadithi uliochapishwa Nairobi ulizitia ngano za Kiafrika katika visanduku hivyo hivyo. Jina lenyewe, Pichadithi, ni kazi safi ya uundaji wa maneno, na ni ajabu kwamba halikuenea likawa jina la utanzu mzima.

Usiku wenyewe

Halloween huadhimishwa usiku wa tarehe 31 Oktoba. Jina hilo ni ufupisho wa maneno ya Kiingereza cha kale yenye maana ya mkesha wa Watakatifu Wote, sikukuu ambayo Kanisa la Magharibi huiadhimisha tarehe 1 Novemba na kuifuatisha na Siku ya Marehemu Wote tarehe 2. Waselti wa Ireland walikuwa na sherehe yao katika majira hayo, iitwayo Samhain, iliyofunga mavuno na kufungua miezi ya baridi, na ambapo iliaminiwa kuwa ukuta baina ya walio hai na wafu hulegea. Wahamiaji wa Ireland waliokimbia njaa kuu iliyoanza mwaka 1845 walikuwa miongoni mwa walioieneza desturi hiyo Marekani. Kwao walizoea kuchonga taa za sura za kutisha katika tanipu, mmea wa mizizi usio mkubwa. Ng'ambo ya bahari wakakuta boga, ambalo ni jepesi zaidi kuchongwa na lina tumbo la kutosha mshumaa.

Watoto kuvaa barakoa na kupita nyumba hadi nyumba wakidai peremende ni desturi changa kuliko wengi wanavyodhani. Ilienea katika miaka ya 1930, ikafifia wakati wa Vita vya Pili vya Dunia kwa kuwa sukari iligawiwa kwa kipimo, kisha ikarudi kwa nguvu kipimo hicho kilipoondolewa mwaka 1947. Mtoto hubisha hodi kwa kauli fupi yenye maana ya "tupe kitu, ama tukufanyie kitimbi." Mtoto wa pwani yetu anayewazungukia majirani apokee mkono wa Idi angeielewa nusu ya kauli hiyo papo hapo, nusu ya pili, ile ya kumtisha mwenye nyumba, ingemshangaza.

Basi yafaa kuzitazama tarehe. Kitabu cha hadithi za picha katika umbo lake la sasa kilizaliwa Marekani mnamo mwaka 1933 na 1934, na kikapata shujaa wake wa kwanza mkubwa, Superman, mwaka 1938. Desturi ya watoto kuomba peremende ilikomaa miaka hiyo hiyo, mikononi mwa watoto wale wale. Haikuwa ajabu viwili hivyo kukutana.

Watambaji watatu

Mwaka 1947 William Gaines, kijana aliyekuwa akijiandaa kuwa mwalimu, alirithi kampuni ndogo ya uchapishaji iliyojulikana kwa herufi EC, baada ya baba yake kufa katika ajali ya mashua. Pamoja na mhariri wake Al Feldstein, mwaka 1950 alianzisha majarida matatu ya hadithi za kutisha: Tales from the Crypt, The Vault of Horror na The Haunt of Fear. Kila jarida lilikuwa na msimulizi wake. Mmoja ni mlinzi wa kaburi la chini ya ardhi, wa pili mlinzi wa kuba la maiti, wa tatu ajuza mchawi. Waliweza kualikana katika majarida ya wenzao, na walipokutana walikashifiana kama watani.

Mtu akizisoma hadithi hizo kwa jicho la mwanafunzi wa fasihi simulizi, jambo la kwanza linalomgonga ni fomyula. Hadithi haianzi kwa tukio. Huanza kwa msimulizi kujitokeza katika kisanduku cha kwanza, mwenye meno machache na macho ya kutoka, akamsalimu msomaji kwa jina la dhihaka, akamkaribisha ndani na kumtahadharisha kuwa atakayoyasikia yatamkosesha usingizi. Hutumia maneno ya kuchezea sauti na maana, mara nyingi yakihusu maiti, majeneza na chakula kwa pamoja. Kisha hujiondoa, na hadithi ikaendelea peke yake kwa kurasa sita hadi nane. Mwishoni hurudi, akacheka, akatia neno la mzaha juu ya balaa lililomfika mhusika, na kumuaga msomaji mpaka toleo lijalo.

Huyu si mwingine ila yule anayesema "Paukwa!" na kungojea "Pakawa!" Kazi ya fomyula ni ile ile: kuchora mpaka. Anayesikia "Hadithi njoo" hujua kwamba ameingia katika mahali ambapo fisi anaweza kusema na zimwi linaweza kumla mtu bila ya mtu yeyote kuliwa. Watambaji wa EC waliuchora mpaka huo kwa wino. Mtoto aliyemwona ajuza akicheka mwishoni alijua kwamba mlango umefungwa na yuko salama kitandani mwake. Jambo hili lina uzito, na litarejewa hapa chini, maana wakosoaji wa mwaka 1954 walizihesabu maiti katika kurasa hizo wala hawakumhesabu mtambaji.

Tofauti moja haina budi kukubaliwa. Mtambaji wa baraza husikia jibu papo hapo, na hadhira ikipoa hubadili mwendo. Wa kitabuni hana sikio. EC walijaribu kuziba pengo hilo kwa ukurasa wa barua za wasomaji, ambazo nazo zilijibiwa kwa mzaha, na kwa kuunda chama cha wapenzi wa majarida yao. Lakini barua hukawia, na mtambaji anayejibiwa baada ya miezi miwili si mtambaji kamili.

Jambo la pili ni namna hadithi zenyewe zilivyotungwa. Feldstein alizoea kuandika maneno yote kwanza, moja kwa moja katika karatasi ngumu za michoro, ndipo msanii akaletewa karatasi hizo ili ajaze picha katika nafasi zilizobaki. Ndiyo sababu kurasa za EC zimejaa maneno hadi picha hubanwa. Wahakiki wa sanaa huona hilo kuwa kasoro. Kwa mtu wa fasihi ni ushahidi kwamba chimbuko la hadithi hizo ni kauli.

Jambo la tatu ni adili. Takriban kila hadithi huishia kwa dhalimu kupatwa na dhuluma yake mwenyewe. Katika hadithi moja ya mwaka 1952, iliyotoka katika jarida la Shock SuspenStories na kupewa jina la Halloween lenyewe, msimamizi wa nyumba ya mayatima huwapunja watoto chakula ili atie fedha mfukoni. Usiku wa sikukuu unapofika watoto hawana boga la kuchongea taa. Taa inapatikana, ila si ya boga, na msimamizi haonekani tena akiwa na kichwa chake. Ukatili wa mwisho huo haukanushiki. Lakini anayezijua ngano zetu za mke mwenza anayemtesa mtoto wa kambo atakiri kwamba mizani ni ile ile.

Itakuwa ni kutia chumvi kudai kwamba majarida haya yalikuwa ya Halloween kwa asili. Yalitoka mwaka mzima, na watoto waliyasoma mwaka mzima. Kilichoyafunga na tarehe 31 Oktoba ni shehena moja ya taswira, yaani makaburi, popo, wachawi na mifupa, na baadaye kumbukumbu: filamu ya Creepshow ya mwaka 1982 iliyoyaenzi majarida hayo, mfululizo wa televisheni wa Tales from the Crypt ulioonyeshwa kuanzia mwaka 1989 hadi 1996, na vipindi vya Halloween vya The Simpsons vilivyoanza Oktoba 1990 na ambavyo tangu mwaka 1995 vilipata pia kitabu chao cha picha cha kila mwaka. Watu waliokuwa watoto mwaka 1952 walikuwa wamekwisha kuwa wakubwa, nao wakawapa wana wao hofu waliyoipenda.

Mwaka 1954

Katika majira ya kuchipua ya mwaka 1954, Fredric Wertham, daktari wa magonjwa ya akili mjini New York, alichapisha kitabu chake Seduction of the Innocent, akidai kwamba hadithi za picha huwafundisha vijana uhalifu. Tarehe 21 Aprili mwaka huo kamati ndogo ya Baraza la Seneti ilikaa New York kuchunguza jambo hilo, na Gaines akajitokeza kwa hiari yake kutoa ushahidi. Seneta Estes Kefauver alimwonyesha jalada la jarida lake mojawapo, lenye mtu ashikaye shoka na kichwa cha mwanamke kilichokatwa, akamwuliza kama hicho ni kitu cha staha. Gaines alijibu kwamba kwa jalada la jarida la kutisha ni cha staha, akaendelea kueleza kile ambacho kingelivua jalada hilo staha, yaani lau kichwa kingeinuliwa juu zaidi damu ikaonekana ikidondoka. Magazeti hayakuhitaji zaidi ya hapo.

Wachapishaji, kwa kuogopa sheria ya serikali, waliunda chama na mnamo Oktoba 1954 wakajitungia kanuni. Kitabu kisichopata muhuri wa chama hakikupokewa na wasambazaji wengi. Kanuni hiyo ilipiga marufuku maneno ya Kiingereza yenye maana ya hofu na kitisho yasitumiwe katika majina ya majarida. Ikakataza wafu watembeao, wanyonya damu, wala maiti na watu wageukao mbwa mwitu. Na ikaagiza kwamba katika kila hadithi wema ushinde uovu na mhalifu aadhibiwe. Kwa kipimo hicho cha mwisho, Sungura wetu asingepata muhuri hata mara moja. Huiba, husema uongo, humsingizia Fisi, na huondoka akiimba.

EC iliyafunga majarida yake ya kutisha mwaka huo huo. Kisa chenyewe, hata hivyo, hakiishii hapo, na sehemu inayofuata ndiyo inayostahili kusomwa kwa makini na msomaji Mwafrika.

Mwaka 1953 EC ilikuwa imetoa hadithi fupi iitwayo "Judgment Day", iliyotungwa na Feldstein na kuchorwa na Joe Orlando. Mjumbe kutoka Dunia anafika katika sayari inayokaliwa na mitambo yenye umbo la binadamu ili kukagua kama inastahili kuingizwa katika jamhuri ya sayari nyingi. Amevaa kofia ya angani inayomficha uso. Anakuta mitambo ya rangi mbili, ya machungwa na ya buluu, na kwamba ile ya buluu imetengewa mitaa yake, vyombo vyake vya usafiri na kazi zake duni. Kiwandani anaonyeshwa kwamba mitambo yote hufanyizwa kwa vipande vile vile, isipokuwa ganda la nje. Anaikatalia sayari hiyo, anarudi chomboni, na katika kisanduku cha mwisho anaivua kofia. Ni mtu mweusi.

Mwishoni mwa mwaka 1955 Gaines alitaka kuichapisha tena hadithi hiyo. Msimamizi wa kanuni, hakimu wa zamani Charles Murphy, alidai kwamba mjumbe huyo asiwe mweusi. Kanuni haikuwa na kifungu cho chote kinachokataza jambo hilo. Gaines na Feldstein walikataa, wakatishia kuyatangaza, na hadithi ikatoka kama ilivyokuwa katika toleo la kwanza la mwaka 1956. Jarida hilo, Incredible Science Fiction namba 33, likawa kitabu cha mwisho cha hadithi za picha kutolewa na EC. Kampuni ikabaki na jarida la vichekesho la Mad, ambalo kwa kugeuzwa umbo lilikuwa nje ya mamlaka ya kanuni.

Ni rahisi, kwa kisa kama hiki, kuwagawa watu kuwa wema na waovu kama ilivyoagiza kanuni yenyewe. Ukweli unakataa. Wertham huyo huyo alifungua kliniki Harlem mwaka 1946 kuwatibu Wamarekani weusi maskini ambao hospitali nyingine hazikuwajali, na ushahidi wake juu ya madhara ya kuwatenga watoto weusi shuleni ulitumiwa katika mojawapo ya kesi zilizoishia kwenye hukumu ya Mahakama Kuu ya Marekani ya tarehe 17 Mei 1954, iliyoharamisha utengano huo. Kwa mwezi mmoja, basi, juhudi zake zilifungua milango ya shule na kuchangia kuufunga mlango ambao miaka miwili baadaye ulikaribia kumfungia nje mjumbe mweusi wa "Judgment Day". Tena, mwaka 2012 mtafiti Carol Tilley, akiwa ameyapekua majalada ya Wertham yaliyofunguliwa katika Maktaba ya Bunge mwaka 2010, alionyesha kwamba daktari huyo alibadilisha umri wa baadhi ya vijana, akaunganisha maneno ya watu mbalimbali yakawa kama ya mtu mmoja, na kuacha habari ambazo zingeeleza tabia zao kwa sababu nyingine. Alikuwa mtu mwenye huruma ya kweli kwa watoto, na aliuchafua ushahidi wake. Msomi anayetafuta somo la jinsi ya kutofanya utafiti wa nyanjani hana haja ya kwenda mbali.

Gwaride la Rutland

Zilipokatazwa maiti, Halloween haikuachana na hadithi za picha; iligeuka upande. Mtoto ambaye hakuweza tena kumsoma mlinzi wa kaburi aliweza kumvaa Superman au Batman, na mavazi ya mashujaa hao yaliyouzwa katika maboksi ya karatasi yakawa sehemu ya Oktoba. Charles Schulz naye, katika Peanuts, mwaka 1959 alianza kumsimulia mtoto Linus anayekesha shambani akingojea Boga Kuu litakalowaletea watoto zawadi, na ambalo haliji. Wamarekani wengi hukitazama kipindi cha televisheni kilichotokana na kisa hicho, cha mwaka 1966, kama sehemu ya sikukuu yenyewe.

Lakini mahali ambapo mambo hayo mawili yaliungana kabisa ni mji mdogo wa Rutland, jimboni Vermont. Gwaride la Halloween la mji huo lilianza mwaka 1960, na mkazi mmoja, Tom Fagan, mpenzi mkubwa wa Batman, alilifanya kuwa gwaride la mashujaa wa vitabu. Waandishi na wachoraji wa New York walianza kusafiri kwenda huko kila Oktoba, wakavaa mavazi ya wahusika waliowatunga wenyewe, na kukesha karamuni kwa Fagan. Haukupita muda gwaride likaingia vitabuni: mwaka 1970 katika The Avengers, na mwaka 1971 katika Batman.

Mnamo mwaka 1972 waandishi watatu, Steve Englehart, Gerry Conway na Len Wein, walifanya jambo ambalo wakubwa wao wasingeliidhinisha. Waliandikia kampuni mbili zilizokuwa mahasimu, Marvel na DC. Wakatunga hadithi tatu zinazotokea usiku mmoja wa Halloween mjini Rutland, wakajiingiza wenyewe kama wahusika, na kulipitisha tukio moja katika vitabu vitatu, kimoja cha DC na viwili vya Marvel, bila ya kutangaza. Msomaji aliyenunua kimoja alipata hadithi kamili. Aliyenunua vyote vitatu akagundua siri. Watu halisi waliovaa mavazi ya mashujaa wa kubuni waliingia katika hadithi ambamo mashujaa walikuwa halisi na walidhaniwa kuwa watu waliovaa mavazi. Nadharia za matini zinazorejeana zimejaza vitabu vingi tangu wakati huo, na ni vichache vyenye mfano wa kufurahisha kama huu.

Maneno

Kanuni ya mwaka 1954 ililegezwa mwaka 1971. Wanyonya damu na watu wageukao mbwa mwitu waliruhusiwa kwa hoja kwamba wana nasaba katika fasihi bora, wakitajwa Dracula na Frankenstein. Marvel haikukawia: The Tomb of Dracula ilitoka mwaka 1972. Ila wafu watembeao, waitwao zombi, hawakuruhusiwa. Hawakuwa na riwaya ya kuwatetea. Marvel ikaikwepa kanuni kwa kuwaita kwa jina jingine, zuvembi, lililotoka katika hadithi ya Robert E. Howard iliyochapishwa mwaka 1938.

Hapa mwanaisimu wa lugha za Kibantu lazima atue. Wataalamu wengi huhusisha neno zombi na lugha za Kongo na Angola: nzumbi ya Kimbundu, yenye maana ya roho ya aliyekufa, na maneno ya Kikongo yanayokaribiana nayo. Lilivuka Atlantiki katika majahazi ya watumwa, likakaa Haiti, na kufika kwa wasomaji wa Kiingereza hasa kupitia kitabu cha safari cha William Seabrook cha mwaka 1929. Kwa maneno mengine, kiumbe aliyenyimwa ruhusa kwa kukosa nasaba alikuwa na nasaba ndefu, ila haikuwa ya Ulaya.

Je, mfasiri amwiteje kwa Kiswahili? "Mzimu" halifai, mzimu una heshima yake, hutambikiwa, wala hautembei na mwili. "Kizuka" hutokea na kutoweka. Kiswahili cha Tanzania kina maneno mawili yanayokaribia mno, "msukule" na "ndondocha": mtu anayeaminiwa kuwa amekufa na kuzikwa, kumbe amechukuliwa na mchawi na kufanyizwa kazi usiku bila ya akili wala ulimi wa kulalamika. Huyo ndiye hasa zombi wa Haiti. Watu waliotumikishwa mashambani mpaka wakafa hawakuweza kubuni hofu kubwa kuliko kwamba hata kifo hakitamwachilia mtumwa.

Walakini zombi wa EC si msukule. Maiti wa majarida yale hamtumikii mtu. Huinuka kaburini kwa hiari yake, akiwa na tope na mabuu, na kwenda kumbishia hodi aliyemwua. Ana dai. Mfasiri atakayeandika "msukule" atakuwa amemrudishia utumwa maiti aliyekwisha kujikomboa, na mfasiri atakayeandika "zombi" tu atakuwa amelikwepa swali. Pengine "mfu mlipa kisasi" ndiyo tafsiri iliyo karibu, ingawa ni ndefu kwa kiputo kidogo, na mchoraji atanung'unika.

Tatizo la namna hiyo linahusu pia mavazi. Len Wein, yule wa Rutland, pamoja na mchoraji Dave Cockrum, mwaka 1975 walimtunga Storm, shujaa mwanamke anayeamuru mvua na radi, ambaye mama yake ni Mkenya na ambaye msomaji humkuta kwa mara ya kwanza nchini Kenya. Wasichana wengi weusi wa Marekani wamevaa nywele zake nyeupe na vazi lake usiku wa Halloween, muda mrefu kabla ya watoto kumvaa mfalme T'Challa mnamo Oktoba 2018, mwaka wa filamu ya Black Panther ambamo Mkenya Lupita Nyong'o aliigiza. Jina lake la kuzaliwa ni Ororo, na katika vitabu hivyo hudaiwa kuwa maana yake ni "uzuri". Mswahili atatabasamu. Kiswahili kinacho kivumishi -ororo, lakini maana yake ni laini, na hakisimami bila ya kiambishi: mtoto ni mwororo, sauti ni nyororo, na sifa yenyewe ni wororo. Msichana anayeita radi kutoka mawinguni, basi, amepewa jina la kitu kilaini, tena limekatwa kichwa.

Kanuni ya mwaka 1954 ilikufa kimya kimya mwaka 2011, wachapishaji wawili wa mwisho walipouacha muhuri. Mwaka uliofuata maduka ya hadithi za picha ya Marekani yalianzisha sherehe yao ya Oktoba, ambayo kwa miaka kadhaa iligawa vitabu bure kwa kila aliyeingia, na kuuza vijitabu vidogo kwa mafungu ili mwenye nyumba awape watoto watakaobisha hodi, badala ya peremende au pamoja nazo. Katika vijitabu hivyo walimokuwamo wachawi, mifupa na maiti, hapakuwa na muhuri juu ya jalada.